Taa za Nyuma za Gari la Mapipa

Juzi nilipita gereji moja pale Msamvu nikamkuta kijana anafunga taa ya nyuma. Aliitoa kwenye boksi, akaichomeka, akakaza skrubu, akaipangusa alama za vidole, kazi ikaisha. Chai yake ilikuwa bado inatoa moshi. Nikamwuliza amejuaje kama taa inatazama nyuma sawasawa. Alikuwa kijana wa adabu, hakunicheka. Akasema, "Babu, itatazama wapi tena, na tundu lake liko hapohapo?"

Hakukosea. Gari lile lilikuja na tundu lake na tundu likaja na taa yake, vyote vilijuana kabla ya kupanda meli. Lakini nyinyi mnaoanza kazi hii leo, nataka niwasimulie taa mbili ambazo hazikuwa na tundu, zilizofungwa kwenye gari ambalo halikuwa na kiwanda. Nimefunga taa nyingi maishani na nyingi nimezisahau. Hizi mbili nikifumba macho bado naziona.

Mimi ni fundi bodi. Nimenyoosha mabati ya magari hapa Morogoro tangu ujana wangu mpaka mkono huu wa kulia ulipogoma kushika nyundo. Wakati ninaousimulia nilikuwa bado kijana mwenye mabega, na nchi ilikuwa kwenye miaka ya vijiji vya ujamaa. Duka la vipuri mjini lilikuwa na kaunta, karani na rafu tupu. Karani alikuwa mpole kupita kiasi, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine ila kusikitika pamoja na wateja. Ukimwomba taa, anakuuliza kwanza habari za nyumbani, halafu anakwambia hakuna.

Wakati huo huo, pale Bigwa, chini kabisa ya mlima, Mzee Gaspari alikuwa anatengeneza gari uani kwake.

Mzee Gaspari alikuwa amestaafu. Miaka yake yote aliimaliza kwenye shamba la katani akiwa fundi wa mitambo. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na tabia ya kuweka sikio kwenye chuma kabla ya kukigusa kwa nyundo. Mkewe, Mama Tekla, alikuwa mfinyanzi wa vyungu, tena si mfinyanzi wa kubahatisha. Binti yao Tekla alikuwa ameolewa Kilosa, nyumbani walibaki wao wawili.

Mama Tekla alikuwa ameanguka na mzigo wa udongo akaumia nyonga. Kwenye tambarare alitembea na fimbo, lakini mlima ulikuwa umemshinda. Na kwao kulikuwa juu, milimani kabisa, kupita Mkuyuni, mahali ambapo mtu mzima wa miguu anatoka alfajiri na kufika jua likianza kuchoka. Mama yake mzazi alikuwa hai huko, mzee sana, hawezi kushuka. Binti hawezi kupanda, mama hawezi kushuka. Walikuwa wanasalimiana kwa midomo ya watu walioleta ndizi sokoni. Hali ile ilidumu miaka.

Kisha ikasikika kwamba wanavijiji wa kule juu wanachimba barabara wenyewe, kwa majembe na mitaimbo, kila kijiji na kipande chake. Mzee Gaspari akasikia hayo. Kesho yake akaonekana anaburuta chesisi ya pikapu iliyoungua, akaileta uani.

"Mimi sijamwomba gari," Mama Tekla aliniambia siku moja nikinywa uji kwao. "Nilimwomba anitafutie fimbo nzuri zaidi."

Chesisi ilikuwa ya gari moja, injini ya gari lingine dogo, usukani sijui wa nini. Bodi ndiyo ilikuwa ya mapipa ya lami. Aliyachoma mapipa mpaka lami ikaisha, akayapasua, akayanyoosha, halafu akaanza kuyakunja upya juu ya gunia la mchanga, akigonga kidogo kidogo. Kabla ya kugonga alikuwa amemwambia mkewe amfinyangie kwa udongo umbo la gari analolitaka. Mama Tekla akafinyanga kitu alichokijua. Mbele kilikuwa kama gari, lakini nyuma kilikuwa chungu: mviringo mtupu, unashuka, unaingia ndani, hakuna mahali palipo bapa hata pa kuweka kidole.

Aliniita nimsaidie kuchomelea na kulainisha. Siku ya kwanza nilizunguka lile gari nikipitisha kiganja. Nilizoea magari yaliyopigwa kwa mashine, na mashine huacha mstari mahali inapoanza na inapoishia. Hapa sikuona mwanzo wala mwisho. Bati lilipinda kama maji yanavyopinda kwenye jiwe. Nilijiona nimeingia kanisani na viatu vya matope. Watoto wa Bigwa wao walikuwa wameshalipa jina, wanaliita Kobe.

Sasa basi, Kobe alitembea. Injini iliwaka kwa hendeli ya kuzungusha kwa mkono, breki zilishika, taa za mbele zilipatikana kutoka kwenye trekta bovu. Tukamwita mkaguzi wa polisi wa usalama barabarani aje alione. Afande alikuwa mtu wa makini, si wa kuonea watu. Alizunguka mbele, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akazunguka nyuma, akasimama.

Nyuma tulikuwa tumefunga taa mbili nilizozipata Mikese, kwenye mabaki ya lori lililopinduka. Mwenye mabaki nilimnyooshea toroli lake, naye akanipa taa. Zilikuwa nzuri, za duara, zenye kioo chekundu kizima na kitako bapa cha chuma. Hapo ndipo palipokuwa na balaa: kitako bapa, bodi ya mviringo. Tulikuwa tumechonga kabari za mbao kwa macho, tukazibana. Tulipokuwa tumesimama karibu tuliziona ziko sawa.

Afande alirudi nyuma hatua nyingi, akachutama, akatutazama.

"Mzee, hili gari linamtazama nani?"

Tukaenda kusimama alipo yeye. Taa ya kushoto ilikuwa inatazama vilele vya Uluguru. Ya kulia ilikuwa inatazama kuku waliokuwa wanaparua chini ya mchikichi. Gari zima lilikuwa na makengeza.

"Kanyaga breki," afande akasema. Mzee Gaspari akaingia, akakanyaga. Badala ya taa kung'aa, zikafifia zote mbili, ya kulia ikazimika kabisa.

Afande hakucheka. Alisema, "Mzee, mbele unajiangalia mwenyewe. Nyuma ndiko wanakokuangalia wenzako. Kule milimani kuna ukungu. Siwezi kukuruhusu." Akapanda baiskeli yake akaondoka.

Mzee Gaspari alikaa kwenye kibao muda mrefu akitazama mikono yake. Mama Tekla alikuwa mlangoni ameegemea fimbo. Nilidhani atampa pole. Akamwuliza, "Baba Tekla, chungu unakiwekaje mkono?"

"Mkono gani?"

"Mkono wa kushikia. Chungu ni duara. Huwezi kukikata chungu ili mkono ukae. Unaufinyanga mkono juu ya chungu, ukifuata tumbo lake, halafu upande wa nje unaufanya unavyotaka wewe."

Mzee Gaspari aliinua kichwa akamtazama. Nimewaona watu wakipewa habari za mtoto aliyezaliwa, walikuwa na uso ule.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo pana kazi yenyewe, na siku moja mtakutana na gari la zamani au bodi iliyotengenezwa kwa mkono, na boksi halitakuwepo.

Tulilisukuma gari mpaka mahali palipo sawa. Mama Tekla alipaka majivu kwenye bati ili udongo usigande. Akachukua bonge la udongo laini akalibandika kwenye mviringo wa kushoto, akalisukuma kwa viganja mpaka likashika kila pindo la bati. Kisha nikamshikia taa, akakizamisha kitako chake kwenye udongo upande wa nje. Mimi kazi yangu ikawa kusema: inua, shusha, vuta kwangu kidogo. Nilining'iniza timazi kupima wima, nikavuta uzi nyuma ya gari kutoka upande hadi upande.

Na hapa kuna jambo ambalo Mzee Gaspari alinifundisha, na nililitumia maisha yangu yote. Nilikuwa nimeanza kupima kutoka kwenye ukingo wa bati. Akanishika mkono. "Hilo bati nimeligonga mimi," akasema, "na mimi siku nyingine nagonga nikiwa na njaa. Usiliamini. Pima kutoka kwenye ekseli. Ekseli ndiyo inayoijua barabara." Ukweli ni kwamba upande wa kulia wa gari lile ulikuwa umevimba zaidi ya wa kushoto, jicho halioni lakini uzi unasema. Kwa hiyo kila upande ulipata kabari yake ya udongo. Ya kushoto ilikuwa nene chini na nyembamba juu. Ya kulia ilikuwa nene chini na pia nene upande wa ndani. Msije mkafanya ya upande mmoja halafu mkaigeuza mkidhani itafaa wa pili. Itafaa kwa gari la kiwandani tu.

Urefu kutoka chini tuliusawazisha kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, ncha moja huku, nyingine kule. Maji hayana upendeleo. Nilipoona maji yametulia kwenye alama zote mbili, Mama Tekla akakata udongo uliozidi kwa waya, akaichomoa kabari polepole, majivu yakaiachia. Ndani ya ile kabari ulikuwa unaona tumbo la Kobe limeandikwa lote, hata alama za nyundo. Nje ilikuwa bapa kama meza.

Kabari za udongo zilikuwa mfano tu. Zenyewe tulitaka ziwe za chuma chepesi, tuzisubu, yaani tuyeyushe na kumimina, kwa pistoni mbovu na sufuria zilizotoboka. Tukatengeneza kalibu, yaani tundu lenye umbo la kabari, kwenye udongo uliochanganywa na mchanga wa mtoni. Mzee Gaspari alikuwa na haraka. Habari zilikuwa zimekuja kwamba barabara imefika kijijini kwa akina Mama Tekla, limebaki jiwe moja kubwa kwenye kona, na kwamba yule bibi siku hizi anauliza jambo moja mara nyingi kisha analisahau.

Mama Tekla aliiweka kalibu shavuni. "Bado," akasema. "Ina baridi. Ina maji."

"Nje imekauka," akasema mumewe.

"Nje, ndiyo."

Mzee Gaspari akamimina. Namna kile chuma kilichoyeyuka kilivyoruka, sitaki mkione. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yaligeuka mvuke mara moja na chuma kikatupwa juu kama mate. Tone moja lilipita kwenye ukingo wa kofia yake ya majani likaacha tundu, likaenda kuunguza mgomba nyuma yake. Mzee Gaspari alivua kofia, akatazama lile tundu kwa utulivu, akaivaa tena. "Tusubiri," akasema.

Kwa hiyo chukueni na hilo. Udongo ukitaka kujua umekauka, usiuangalie, uweke shavuni. Ukiwa una ubaridi, maji yamo. Tulisubiri mpaka Mama Tekla aliposema sasa una joto la kawaida, tukamimina, chuma kikaingia kimya kama maziwa kwenye kikombe. Nilichutama pale nikikitazama kinapoteza wekundu. Kulikuwa na pistoni ya gari fulani mle, na sufuria iliyopikia watu miaka mingi, sasa vinakuwa kitu kimoja, chenye umbo la kiganja cha yule mama.

Kumalizia kulikuwa kwa tupa na chaki. Unapaka chaki kwenye bati, unabandika kabari, unaitoa, unaona chaki imeshika wapi. Palipo peupe ndipo panapogusa, ndipo unapokwangua. Unarudia. Mwanzo chaki hushika sehemu mbili tatu tu. Mwishoni inashika kila mahali, na ukiibandika unasikia inanyonya. Kati yake na bati tukaweka mpira uliokatwa kwenye tyubu ya tairi, maji yasiingie.

Kutoboa bati la mviringo nako kuna adabu yake. Ncha ya drili huteleza kama mguu kwenye ganda la ndizi. Kwanza unagonga kidoti kwa patasi yenye ncha kali, unaanza na tundu dogo, ndani umeegemeza gogo. Na tundu la kupitishia waya liwekeeni ringi ya mpira. Sisi tulikata kandambili. Bati tupu hula waya taratibu, kila gari linapotikisika, mpaka siku linawaka moto.

Ule ugonjwa wa taa kufifia ukikanyaga breki mimi na Mzee Gaspari tuliujua tulipojiuliza kidogo. Umeme ukishapita kwenye balbu lazima urudi kwenye betri, na kwenye gari la chuma unarudi kwa bodi yenyewe. Sisi mwanzo tuliweka mbao. Mbao haipitishi, umeme ukabaki kurudi kwa tabu kwenye skrubu tu, na breki ikiongeza mzigo taa zinashindwa. Sasa tuliweka chuma, lakini kuna mpira chini yake na rangi juu ya bati. Tukavuta waya wa pekee kutoka kwenye kitako cha kila taa hadi kwenye chesisi, na pale chesisi tukakwangua kutu mpaka ikang'aa. Waya huo mdogo unaoonekana hauna kazi ndio wengi mnausahau, halafu mnabadilisha balbu mpaka mnachoka.

Afande alirudi. Safari hii alitembea barabarani hadi akawa mdogo, akainua mkono. Mzee Gaspari akawasha. Akainua tena, Mzee akakanyaga breki. Ilikuwa saa za jioni, jua limeshaingia nyuma ya mji. Niliona afande amebaki na mkono wake juu, hauteremshi. Aliporudi alisema tu, "Zinanitazama usoni. Zote mbili." Akatupa ruhusa.

Tulipanda mlima mimi, Mzee Gaspari na Mama Tekla, siku ambayo mawingu yalikuwa yanaanza kukaa kwenye vilele na masika inabisha hodi. Kiroka, Mkuyuni, kisha tukaiacha barabara ya zamani tukashika hiyo mpya. Ilikuwa nyekundu, bado ina alama za majembe ukutani, na upande mmoja hakuna kitu, ni vichwa vya migomba ya watu waishio chini. Mama Tekla alikuwa mbele na fimbo yake kati ya magoti. Mahali fulani mto unaposikika bila kuonekana, nilimwona anatingisha kichwa kwa kila kilima, kimoja baada ya kingine, anaangalia kama vipo vyote.

Watu waliokuwa wanapanua kona waliacha mitaimbo wakatukimbilia. Yule bibi alitolewa nje akakalishwa kwenye mkeka. Mama Tekla alishuka, akaiacha fimbo ndani ya gari, akaenda kwa kushika mabega ya watu, akapiga magoti. Walisemezana kwa Kiluguru, kwa sauti ya chini. Bibi akampapasa uso, akampapasa mikono, halafu akataka kulijua gari kwa mikono vilevile, maana macho yalikuwa yamekwenda. Tukamwongoza. Alipitisha kiganja nyuma ya Kobe, kwenye ule mviringo, akafika kwenye kabari ya taa, akaizunguka kwa kidole. Akauliza kitu. Mama Tekla akanitafsiria akilia: "Ameuliza, hiki chungu umekifinyanga wewe?"

Laiti siku ingeishia hapo.

Mchana ule, walipokuwa wanalitoa lile jiwe la mwisho la kwenye kona, likamponyoka mtu, likamwangukia kijana mmoja aitwaye Kobelo, likambana mguu. Ilichukua muda kulinyanyua. Mguu ulikuwa umepondeka vibaya, anahitaji zahanati ya Kiroka jioni ileile. Mzee Gaspari hakungoja kuambiwa. Tukamlaza Kobelo kiti cha nyuma mguu umenyooshwa, mama yake akakaa mbele. Mama Tekla alibaki kwa mama yake. Mimi nafasi yangu ikaisha, nikaenda kupanda lori.

Lori lilikuwa limeleta watu wa vijiji vya chini waliokuja kusaidia kuchimba. Dereva wake alikuwa Saidi, mtu wa Mkuyuni, mfupi, mcheshi. Lakini wakati huo hakuwa mcheshi. Dainamo yake ilikuwa imekufa asubuhi na betri imekwisha. Injini ya dizeli ingetembea, ila taa hakuna. Alikuwa amepanga kushuka mchana kweupe, ajali ya Kobelo ikala mchana. Sasa ukungu ulikuwa umeanza kushuka na magharibi inaingia. Kulala hakuwezekani. Wingu la mvua lilikuwa limekaa juu yetu, na ikinyesha kwenye udongo ule mpya lori lingebaki kule msimu mzima, na ndilo lililokuwa likipeleka chakula vijiji vyote vile.

Saidi alimwendea Mzee Gaspari dirishani. "Shikamoo Mzee. Nenda polepole. Nitakufuata taa."

"Marahaba. Nitakanyaga breki kila penye ubaya," Mzee Gaspari akajibu.

Nilikaa ndani karibu na Saidi. Nyuma watu walikuwa wanaimba tulipoondoka. Kona ya kwanza tu, ukungu ukatufunika. Sijawahi kuona ukungu kama ule. Boneti la lori letu lilitoweka. Barabara ilitoweka. Zikabaki nyekundu mbili, zinaning'inia mbele yetu, na nyuma wimbo ukakatika.

"Naona taa mbili tu, basi," Saidi akasema. "Sioni njia."

"Zisome kama pima maji," nikamwambia. "Ziko sawa kabisa, tumezipima kutoka kwenye ekseli. Ya kushoto ikishuka kuliko ya kulia, barabara inalala kushoto. Zikisogeleana, anakata kona."

"Una hakika ziko sawa?"

Nilifikiria yale maji yaliyotulia kwenye mpira. "Nina hakika."

Upande wetu wa kushoto ndio uliokuwa mtupu. Tulishuka kwa gia ya kwanza, injini inalia. Mara taa ya kushoto ikazama, si sana, kama bega la mtu anayesikiliza. Nikasema, "Inalala kushoto." Saidi akavuta usukani kulia akaegemea ukuta wa mlima mpaka tukasikia ubao wa lori unaparuza udongo. Jiwe likatoka chini ya tairi la kushoto. Tulisubiri tulisikie likifika chini. Hatukulisikia.

Kisha taa zikasogeleana, zikawa karibu kitu kimoja, zikafunguka tena. Saidi akazifuata. Mbele kidogo Mzee Gaspari akakanyaga breki, na hapo, wanangu, ukungu wote uliokuwa mbele yetu ukawa mwekundu, kutoka ukuta wa mlima hadi kwenye ule utupu, kama mlango mkubwa umefunguliwa. Niliona nyuso za watu kwenye kioo kidogo cha nyuma, zote nyekundu, midomo inatembea. Nilisikia Salamu Maria, nilisikia na Kulhuwallahu, zote kwa sauti moja ya chini.

Nilikuwa fundi kwa miaka kadhaa tayari, na sikuwahi kuiona kazi yangu kutoka mahali pale. Fundi hufunga taa, huiwasha, huizima, gari linaondoka. Anayeishi kwa taa ya nyuma ni mtu mwingine, yuko nyuma, hakujui jina. Vile vipande vya pistoni na sufuria vilikuwa vimebeba lori zima la watu.

Mvua ilianza tulipogusa barabara ya zamani. Hapo tulijua tumefika.

Zahanati ya Kiroka ilikuwa na mwanga wa karabai. Kobelo akaingizwa, na niwaambie hapahapa msikae na wasiwasi: mguu haukukatwa, alichechemea tu, akaoa, akalima. Watu wakaanza kushuka kwenye lori, mvua ikiwanyeshea, na hakuna aliyekwenda kujikinga. Walikuja mmoja mmoja wakasimama nyuma ya Kobe. Saidi alichutama akasogeza kiganja chake karibu na kioo cha taa, kama mtu anayeota moto. Matone ya mvua yalikuwa yanakauka pale yanapotua.

Mzee Gaspari akatoka zahanati anajifuta mikono, akaona kundi limejaa nyuma ya gari lake. Akaja haraka. "Kuna nini? Zimezimika?"

"Zinawaka, Mzee," Saidi akasema, akampisha.

Njia nzima yeye alikuwa mbele. Hakuwa ameziona. Akasimama pamoja nasi, kofia yenye tundu ikichuruzika maji, akazitazama. Injini alikuwa ameizima, na taa zilikuwa zinakula betri.

"Mzee, betri itakwisha," nikamwambia.

"Najua," akasema, bila kuyatoa macho. "Tutapiga hendeli."